Halikuhitajika jeshi kuwamaliza wanyama wakubwa wa kale

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu ndugu yetu aliyeandika katika ukurasa huu wa barua kwamba habari ya watu wa kale kuwinda wanyama wakubwa mpaka wakaisha duniani ni porojo za vitabuni. Hoja yake kubwa ilikuwa hii: watu wachache waliojifunika ngozi, wenye mikuki ya ncha za mawe na njaa tumboni, wangewezaje kuwamaliza mamothi, wale tembo wenye manyoya wa nchi za baridi, katika bara zima la Amerika Kaskazini? Akafunga mjadala kwa kusema kilichowamaliza ni mabadiliko ya tabianchi, basi.

Barua ile ilisomwa kwa sauti kilabuni kwetu, hapa nje kidogo ya mji wa Iringa, ulanzi ukiwa bado mtogwa, yaani mtamu haujachacha, na karibu wote waliokuwepo walimuunga mkono mwandishi. Mimi nilikataa. Nimestaafu uaskari wa wanyamapori, na sehemu kubwa ya utumishi wangu niliifanya kwa miguu katika pori la Ruaha, nikifuata nyayo, mizoga na maganda ya risasi. Mambo ya kale nimejisomea mwenyewe, sikufundishwa na mtu. Lakini hesabu ya tembo naijua, na hiyo ndiyo hesabu ambayo ndugu yetu hakuipiga.

Tembo jike hubeba mimba miezi 22. Huzaa ndama mmoja, mapacha ni nadra sana. Akishazaa, hupita miaka 4 au 5 kabla ya kuzaa tena, na yule ndama, kama ni jike, hatazaa wa kwake mpaka avuke miaka kumi. Kundi lenye malisho, maji na amani huongezeka kwa asilimia 5 hivi kwa mwaka, likibahatika sana 6 au 7. Sungura na panya huwezi kuwamaliza kwa rungu, maana ukiua kumi leo, mwezi ujao wamezaliwa ishirini. Tembo si hivyo, na wanyama wengi wale waliotoweka walikuwa wa aina yake: wakubwa, wenye umri mrefu, wenye uzazi wa polepole.

Sasa tuseme katika bonde moja wako tembo 1,000. Kwa asilimia 5 wanaongezeka 50 kwa mwaka, vifo vya kawaida vikiwa vimeshatolewa. Wakija wawindaji wakaua 50 kila mwaka, tembo watabaki 1,000 siku zote. Ongeza mmoja tu. Waue 51. Mwaka wa kwanza wanabaki 999, na hakuna mtu duniani atakayeona tofauti. Baada ya miaka 20 wako 967. Baada ya miaka 40 wako 879, na babu akimwambia mjukuu kwamba zamani walikuwa wengi kuliko hawa, mjukuu ataitikia kwa heshima huku akijua moyoni kwamba wazee wote husema hivyo. Miaka 60, wako 646. Kutoka hapo ni mteremko, kwa sababu mama wa kuzaa wamepungua lakini wanaouawa ni walewale 51. Miaka 70, wako 411. Miaka 80, hawafiki 30. Mwaka wa 81 bonde ni tupu.

Mjukuu wangu wa sekondari aliirudia hesabu hii kwenye simu yake, akidhani nimekosea. Imetoka vilevile. Akajaribu na 60 badala ya 51: haikufika miaka 38. Na tembo 51 kwa mwaka ni chini ya mmoja kwa wiki, katika bonde zima, kwa watu wote wa bonde hilo kwa pamoja. Hapo jeshi liko wapi? Hata neno mauaji ni kubwa mno. Ni kitoweo.

Atakayebisha atasema: wanyama wakiadimika, mwindaji naye atachoka kuwatafuta, ataacha, nao watapata nafasi ya kuzaana. Hoja nzuri, na kwa simba ni kweli, maana swala wakipungua simba nao hupungua. Lakini binadamu hakuwa anaishi kwa mamothi peke yake. Alikuwa na kulungu, samaki, sungura, mizizi na matunda ya porini. Mamothi walipoadimika hakufa njaa. Aliendelea kula vingine na kuzaa watoto, na siku akikutana na mamothi mmoja kwenye chemchemi hakumwacha apite eti kwa kuwa amebaki peke yake. Atajuaje kwamba amebaki peke yake? Mwaka 2001 mtafiti John Alroy alichapisha matokeo ya hesabu za kompyuta juu ya jambo hilihili, akaonyesha kwamba hata wawindaji wasio wengi wala hodari wangeweza kuwamaliza wanyama wakubwa wengi wa Amerika Kaskazini ndani ya miaka elfu moja na kitu.

Nimeyaona mambo haya yakitokea kwa kasi zaidi. Hesabu ya tembo ya mwaka 2009 ilionyesha Tanzania ina tembo wapatao 109,000. Ya mwaka 2014 ikatoa kama 43,000. Najua ile ilikuwa bunduki na soko la pembe, si mkuki na njaa, na silinganishi silaha. Naitaja kwa sababu moja: katika miaka hiyohiyo watalii waliendelea kuja, wakawapiga picha tembo, wakaondoka wameridhika. Mtu akisimama mahali pamoja pazuri, haoni kwamba mnyama anakwisha. Sisi wenyewe tuliokuwa porini tulianza kwa kuona makundi ya ajabu, ndama na vijana watupu, hakuna jike mzee wa kuwaongoza, wanazunguka kama watoto waliopotezana na mama yao sokoni. Kundi la namna hiyo halijui maji ya kiangazi yako wapi. Ukimwua bibi, umeua na ramani.

Sasa nije kwenye mkuki, maana kilabuni walilicheka hili. Mwaka 1948 huko Lehringen, Ujerumani, ulifukuliwa mkuki wa mbao wa zaidi ya mita 2 ukiwa katikati ya mbavu za tembo wa kale. Aliyeutumia hakuwa hata mtu wa jinsi yetu, alikuwa Neanderthal, binamu yetu wa kale aliyeshatoweka, zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, na mkuki wenyewe hauna hata ncha ya jiwe, ni mti uliochongwa tu. Kule Naco, Arizona, alipatikana mamothi mwenye ncha 8 za mawe mwilini. Katika jimbo la Washington, shambani kwa Bwana Manis, mkulima aliyekuwa akichimba bwawa mwaka 1977, ulitoka mfupa wa mastodoni, binamu wa mbali wa tembo, na ndani ya ubavu wake imenasa ncha ya mfupa wa mnyama mwingine. Tukio hilo lina miaka kama 13,800.

Kama mifano ya mbali haitoshi, tuvuke mpaka hapo Kenya. Wata wa upande wa Tsavo waliwinda tembo kwa upinde na mshale mpaka katikati ya karne iliyopita. Upinde wao ulikuwa mgumu kiasi kwamba mtu mzima asiyeuzoea hawezi kuuvuta, na mshale ulipakwa sumu iliyopikwa kwa magome na mizizi ya mti. Hawakuhitaji kumlenga tembo kichwani. Walimnyemelea upepo ukiwajia usoni mpaka hatua chache, wakamchoma tumboni, kisha wakamfuata taratibu mpaka alipoanguka. Kazi ya watu wawili au watatu.

Wapo wataalamu wenyewe wanaosimama upande wa ndugu yetu, na haki yao niwape. Donald Grayson na David Meltzer wamesema kwa miaka mingi kwamba katika Amerika Kaskazini nzima, ambako zaidi ya jamii 30 za wanyama wakubwa zilitoweka, maeneo yenye ushahidi thabiti kwamba mtu alimwua mamothi au mastodoni hayazidi sana dazani moja. Kama watu waliwaua wote, wanauliza, mifupa yenye alama iko wapi?

Hapo nina la kusema kama shahidi, kwa sababu mizoga ya tembo ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Siku ya kwanza tumbo limevimba, na tai wamejaa mtini wakisubiri. Fisi huanzia nyuma, palipo laini. Wiki ikipita inabaki ngozi imekauka juu ya mbavu, ngumu kama bati, na chini yake mafuta yameingia ardhini yakaacha doa jeusi ambalo majani hayaoti. Masika ya kwanza mbavu zinazolewa na maji. Fisi na nungunungu hutafuna mifupa. Jua la Ruaha hupasua fuvu, likaanza kubanduka maganda membamba. Rudi baada ya miaka michache, na kama hukuweka alama kwenye ramani utapita juu yake bila kujua. Ili mfupa ubaki miaka 13,000 lazima ufunikwe mapema na tope la mto au la ziwa, usisumbuliwe, halafu atokee mtu wa kuchimba mahali palepale. Tembo wote waliouawa na majangili katika miaka yangu ya kazi, sidhani kama hata wawili watapatikana na wachimbaji wa miaka 13,000 ijayo, na katika hao wawili risasi ilipita kwenye nyama, haikugusa mfupa. Dazani moja kwa tukio la zamani hivyo mimi naiona ni nyingi.

Tusikae Amerika tu, ambako barafu ilikuwa inayeyuka wakati uleule watu wanaingia, kwa hiyo kila upande unaweza kuvuta kamba. Twende mahali ambako hali ya hewa haina kesi. Mwaka 1741 meli ya Bering iliharibika kwenye kisiwa kisicho na watu katika bahari ya kaskazini, upande wa Urusi. Tabibu wa msafara, Georg Steller, akawaona wanyama wa baharini wakila mwani, jamaa ya nguva hawahawa wa pwani yetu, ila wakubwa kiasi cha mita 8. Hawakumwogopa mtu. Steller aliandika kwamba jike mmoja akichomwa chusa, wenzake walikuja kujaribu kumwokoa. Mabaharia na wawinda manyoya waliokuja baadaye wakawa wanajipatia nyama pale. Mwaka 1768 hakubaki hata mmoja. Miaka 27. Hiyo si hadithi ya kufukua, imeandikwa kwa wino.

New Zealand nayo: wazee wa Wamaori walifika kwenye miaka ya 1200 mwishoni au 1300 mwanzoni, wakakuta ndege aina 9 wasioruka waitwao moa, wakubwa wao wakiwa na kilo zaidi ya 200. Ndani ya kama karne moja na nusu wote walikuwa wameliwa, na watu wenyewe katika nchi ile kubwa walikuwa maelfu machache tu. Yule tai mkubwa aliyekuwa akiwala moa akaisha pamoja nao.

Lakini mfano ninaoupenda, kama kupenda ni neno lake, ni wa jirani zetu Madagaska. Pale palikuwa na ndege-tembo, urefu mita 3, uzito unaovuka kilo 500. Yai lake moja lilikuwa na ujazo wa mayai ya kuku kama 150. Palikuwa na kima wa jamii ya lemuri wenye ukubwa wa sokwe dume, viboko wafupi, na kobe wakubwa kama wale wa visiwa vya Aldabra, Shelisheli. Wote hawapo. Wengi wao walitoweka kati ya miaka 1,500 na 1,000 iliyopita, wakati barafu ilikuwa imeshasahaulika. Watafiti waliochunguza mawe ya matone, yale yanayojengwa na maji yanayodondoka, katika pango la Anjohibe, kaskazini-magharibi mwa kisiwa, wameona kwamba kwenye mwaka 890 hivi msitu uligeuka nyika kwa haraka, na mvua haikubadilika. Kilichobadilika ni kwamba watu walikuwa wameongezeka, wana ng'ombe, na wanachoma misitu wapate majani. Na ng'ombe wale wa nundu walivushwa kutoka upande huu wetu wa bara. Damu ya watu wa Madagaska ni ya Visiwa vya Asia ya Kusini-Mashariki na ya Afrika Mashariki kwa pamoja, ndiyo maana nasema jambo hili si kesi ya Mzungu dhidi ya Mwafrika wala ya kabila lolote. Wawindaji wa kale wa Ujerumani, Wamaori, Warusi, na watu wa pwani yetu waliovuka mkondo, kila mmoja alifanya alichofanya mtu mwenye familia akiona nyama.

Ndege-tembo naye ananirudisha kwenye hesabu yangu. Si lazima hata umwinde. Ndege mwenye kilo 500 hukusubiri wewe ukija peke yako? Atakupiga teke akutoe utumbo. Lakini akienda malishoni, mtoto wa miaka 12 anaweza kulibeba yai lake kichwani mpaka nyumbani, na familia ikala siku nzima. Chukua mayai kila msimu, na baada ya miaka kadhaa utakuwa na ndege wazee wengi wenye afya, wanaoonekana kila mahali, na hakuna kifaranga. Mgeni akiwaona atasema ndege hawa wako salama. Mwaka 1658 Mfaransa Étienne de Flacourt, aliyekuwa gavana wa kituo chao kule, aliandika habari za ndege mkubwa anayetaga mayai kama ya mbuni na kujificha mahali pasipo na watu, ili asishikwe. Kama bado alikuwepo kweli au ilikuwa kumbukumbu ya wenyeji, maelezo yale ni ya mnyama aliyeshabanwa pembeni.

Tabianchi ina sehemu yake, sibishi. Kwenye kisiwa cha St. Paul, baharini upande wa Alaska, mamothi waliishi mpaka miaka 5,600 iliyopita, na huko hakukuwa na binadamu hata mmoja. Bahari ilipanda, kisiwa kikapungua, ziwa lao la maji baridi likapungua na kuchafuka, wakafa kwa kiu. Kwenye kisiwa kingine cha kaskazini, Wrangel, wenzao walidumu mpaka miaka kama 4,000 iliyopita, wakati piramidi za Giza zimeshajengwa. Bara walikokuwa na watu walikuwa wameshaisha maelfu ya miaka kabla.

Ninachokataa ni kuchagua moja kati ya mawili. Aliyekaa Ruaha hawezi kuchagua. Tangu mwaka 1993 mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikatika kiangazi, maji yakiishia huko juu Usangu kabla ya kutufikia. Mwezi wa kumi mto ni mchanga mtupu na madimbwi machache ya kijani yaliyojaa viboko waliobanana mpaka wanaumana. Tembo hufika, akasimama, akavuta harufu ya mchanga kwa ncha ya mkonga, hapa hapana, pale hapana, kisha akachagua. Anakwangua kwa mguu wa mbele, anasukuma mchanga pembeni, anakwangua tena, mpaka shimo linamfika karibu na goti. Halafu anangoja. Maji yanajikusanya kidogo kidogo, naye ana subira, ya kwanza yenye tope anayamwaga. Ndama anapiga magoti anataka kuingiza kichwa. Nyuma yao pundamilia na ngedere wamejipanga, wanangoja zamu.

Na jangili naye anajua. Masika atatembea siku nyingi asione tembo, kwa sababu maji yako kila korongo na wanyama wametawanyika. Kiangazi cha ukame hana haja ya kutembea. Anakaa kwenye kichaka juu ya kingo, upepo ukimjia usoni, na wanyama wote wa pori lile wanaletwa kwake na kiu. Sisi tukifanya doria tulianzia hapohapo kwenye mashimo. Sasa mwambie nani kamwua tembo huyo, ukame au jangili? Ukame bila jangili, jike mzee angewaongoza wengi wao mpaka mvua. Mamothi na wenzao walikuwa wameshapita vipindi vingi vya baridi na joto kwa malaki ya miaka, wakibanwa, wakipungua, wakiongezeka tena. Kipindi cha mwisho walibanwa mtu akiwa kando ya maji.

Liko jambo moja ambalo ndugu yetu hakuligusa, na lingeweza kumsaidia. Afrika. Hapa ndipo binadamu ameishi muda mrefu kuliko kwingine, hivyo kama binadamu ndiye tatizo, Afrika ingekuwa tupu. Badala yake tunao tembo, kiboko, faru weusi na weupe, na twiga. Kwingine duniani wanyama wa ukubwa huo walibaki wachache Asia tu.

Nasi tulipoteza, ila kwa mwendo mwingine. Mwaka 2018 Tyler Faith na wenzake walichapisha uchunguzi wa mabaki ya Afrika Mashariki ya miaka milioni 7. Jamii 28 za wala majani wakubwa zimetoweka katika muda huo, na kupungua kulianza miaka kama milioni 4.6 iliyopita, kabla mtu yeyote hajachonga jiwe la kuchuna ngozi. Misitu ilikuwa inageuka nyika, majani yanabadilika. Kwa hiyo kwa wengi wa majitu yetu, wazee wetu hawana hatia, na hapo namwachia ndugu yetu ushindi.

Na waliobaki walibaki kwa nini? Maelezo yanayoniingia akilini ni kwamba walikua pamoja nasi. Binadamu alipokuwa bado anaokota makombo ya simba, tembo wa huku walikuwa wanamtazama. Alipojifunza kurusha, wakajifunza kukaa mbali. Mamothi wa Amerika alikutana na mwindaji aliyekamilika siku moja, bila darasa. Kule Amboseli watafiti waliwapigia tembo sauti zilizorekodiwa za Wamasai na Wakamba wakisema maneno yaleyale, kila mmoja kwa lugha yake, kwamba tazama, kundi la tembo linakuja. Waliposikia mwanamume wa Kimasai, tembo walijikusanya na kuondoka. Kwa Mkamba walishtuka kidogo tu, na kwa sauti za wanawake na watoto wa Kimasai hawakuhangaika vile. Mnyama anayetofautisha kabila, jinsia na umri kwa sauti ameishi na binadamu muda mrefu. Mimi mwenyewe nimeona kundi likigeuza njia kwa harufu ya sigara ya askari mwenzangu, tukiwa bado mbali nao, na sigara yenyewe ilikuwa imeshazimwa.

Ombi langu kwako, Mhariri. Ile barua iliwekewa picha ya mamothi kwenye theluji. Safari ijayo mtume mwandishi wako Isimila, kama kilomita 20 kutoka Iringa mjini kwenye barabara ya Mbeya. Mashoka ya mawe ya pale yalijulikana mwaka 1951, akaja mtafiti wa mambo ya kale Clark Howell na wenzake wakachimba mwaka 1957 na 1958. Yana miaka kama 260,000, mengine mazito kiasi kwamba unajiuliza mkono uliyashikaje. Na pale ilitoka mifupa ya kiboko wa kale aitwaye gorgops, mkubwa kuliko wa sasa, macho yameinuka juu ya paji kama ya chura, aweze kuzama karibu mwili mzima huku akiona nje. Hayupo tena duniani. Aliishi korongo moja na wenye mashoka yale.

Mwandishi huyo aje kiangazi, maana masika korongo linateleza. Na asiishie kupiga picha nguzo za udongo kama wageni wote. Aombe aonyeshwe mashoka, ayapime mkononi, na aulizie kiboko.

Askari mstaafu wa wanyamapori,
Iringa